Sura ya Saba: Je, Mbung'o Anapenda Buluu Kweli?

Watu wa Likoni wenye mashamba, mifugo au jamaa upande wa Kwale huonywa mapema: ukienda maeneo ya Shimba Hills, usivae buluu wala nyeusi, mbung'o watakuandama. Onyo hilo limezoeleka mno, hata hakuna anayeuliza lilitoka wapi. Lakini keti na wachungaji wawili utasikia mambo mawili. Mmoja ataapa kwamba siku aliyovaa koti la buluu alirudi nyumbani mikono na shingo zimevimba. Mwenzake atasema yeye huvaa kijani na huumwa vile vile. Wote wawili ni wakweli, maana kila mmoja anaeleza aliyoyaona. Sasa tumfuate nani?

Kisauni swali hili huja kwa sura nyingine. Mama anayefuga kuku nyuma ya nyumba Mtopanga ananunua kinyweshea dukani, anaona vingi vina kitako chekundu, anamuuliza muuzaji: kwani kuku wanapenda nyekundu? Changamwe nako, jioni mbu wakianza kazi yao Chaani, watu huulizana kama ni kweli mbu hufuata nguo nyeusi. Mbung'o, kuku, mbu; lakini kiini cha swali ni kimoja. Mnyama hasemi. Tutajuaje kwamba amechagua rangi, na kwamba tulichokiona si sadfa tu?

Sura hii inaeleza njia moja ya kujibu, iitwayo kipimo cha kai mraba. Hesabu yake ni ya kutoa, kuzidisha, kugawanya na kujumlisha, na mwanafunzi wa gredi ya nane anaimudu kwa kalamu na karatasi. Kazi yenyewe iko kwingine, katika namna ya kumpa mnyama nafasi ya kuchagua kwa haki, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Mbung'o na vitambaa vyake

Mbung'o ni nzi wa rangi ya hudhurungi, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani. Akitua hulaza bawa moja juu ya jingine mgongoni, na mdomo wake hutokeza mbele ya kichwa. Kwa mbu, anayenyonya damu ni jike peke yake. Kwa mbung'o, dume na jike wote hunyonya. Jike hatagi mayai mengi kama nzi wengine. Hulea buu mmoja tumboni, akamzaa, kisha akaanza mwingine, takriban kila siku 9 au 10. Uzazi huu wa taratibu ndio udhaifu wake: ukiwanasa majike wachache kila siku bila kukoma, idadi yao huanza kushuka.

Hatari yake ni vijidudu anavyobeba, viitwavyo tripanosoma. Kwa binadamu huleta malale, na kwa ng'ombe na mbuzi huleta nagana: mnyama hukonda, hukosa damu, maziwa hukatika, mimba huharibika. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeitokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Nagana haikutangazwa hivyo. Kwa mfugaji wa Matuga au Kinango, mbung'o bado ni hasara ya kila mwaka, na msitu wa Shimba Hills una spishi tatu zake: Glossina pallidipes, Glossina austeni na Glossina brevipalpis. Spishi ni aina ya viumbe wanaozaana wao kwa wao. Yashike majina hayo, maana mwishoni tutaona kwamba hawa watatu hawafanani tabia.

Habari ya buluu ilianzia kwenye mitego. Mwaka 1973 watafiti wawili Wafaransa waliofanya kazi Afrika Magharibi, Challier na Laveissière, walitoa mtego wa pia mbili zilizogusana vitako; miaka michache baadaye ile ya chini ikafanywa ya kitambaa cha buluu, ya juu ikiwa ya chandarua cheupe. Baadaye, huko Nguruman katika Kajiado, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walishirikiana na wafugaji wa Kimasai kutengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na nyeusi ambao mtu anaweza kuushona mwenyewe. Chambo chake kilikuwa mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mtego mwingine uliotokana na utafiti wa Kenya uliitwa Nzi, kwa Kiswahili hiki hiki, na leo unatumika hata Amerika ya Kaskazini kuwanasa nzi wanaouma farasi na ng'ombe.

Walichokigundua watafiti kwa miaka hiyo ni kizuri kuliko onyo la barabarani. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali. Nyeusi humfanya atue. Njano haimvutii, na kitambaa kinachorudisha kwa wingi mwanga wa urujuanimno, yaani ule mwanga wa jua ambao jicho la mtu halioni lakini la mdudu linaona, humfukuza. Tena si kila buluu inafaa. Vitambaa viwili dukani vinaweza kufanana machoni petu, kumbe rangi zilizopakwa zinarudisha mwanga kwa namna mbili tofauti, na mbung'o akakipita kimoja akaenda kwa kingine.

Watafiti walijuaje hayo? Walihesabu mbung'o walionaswa, wakalinganisha na idadi ambayo bahati peke yake ingeleta.

Bahati nayo ina kawaida yake

Kaa kwenye baraza lolote la Mtongwe jioni, ludo ikichezwa. Mchezaji anashinda, mwenzake anadai dadu ina kasoro: sita zinatoka nyingi mno. Tuseme tukairusha dadu hiyo mara 60 tukaandika. Dadu ina nyuso sita, kwa hiyo kama haina kasoro tunatarajia kila uso utoke mara 10. Tuseme tukapata hivi: moja mara 8, mbili mara 11, tatu mara 9, nne mara 7, tano mara 10, sita mara 15.

Mlalamishi atashangilia: si mnaona, sita 15! Lakini dadu nzima kabisa haitoi 10, 10, 10 kila siku. Lazima ipinde kidogo huku na huku. Swali la haki ni je, kupinda huku ni kwa kawaida ya bahati, au kumepita kiasi?

Hapo ndipo kai mraba inapoingia. Kai ni herufi ya Kigiriki iliyotumiwa kukiita kipimo hiki, na mraba ni kwa sababu kila tofauti huzidishwa kwa yenyewe. Hatua zake ni hizi:

1. Andika hesabu iliyoonekana kwa kila kundi.
2. Andika hesabu iliyotarajiwa, yaani ambayo ingepatikana kama hakuna upendeleo wowote.
3. Toa ya pili katika ya kwanza. Zidisha jibu kwa lenyewe, ili alama ya kutoa iondoke.
4. Gawanya jibu hilo kwa hesabu iliyotarajiwa.
5. Jumlisha majibu ya makundi yote.

Kwa dadu yetu tofauti ni 2, 1, 1, 3, 0 na 5. Zikizidishwa kwa zenyewe zinakuwa 4, 1, 1, 9, 0 na 25, jumla 40. Kila kundi linatarajiwa 10, kwa hiyo 40 gawanya kwa 10 ni 4. Kai mraba ya dadu hii ni 4.

Nne ni kubwa au ndogo? Wataalamu walishapiga hesabu ya vizingiti. Kizingiti ni kiwango ambacho bahati tupu hukipita mara chache sana, takriban mara 5 katika kila majaribio 100. Ukikipita, una haki ya kushuku. Vizingiti utakavyohitaji mara nyingi ni hivi:

- makundi 2: 3.84
- makundi 3: 5.99
- makundi 4: 7.81
- makundi 5: 9.49
- makundi 6: 11.07

Vinapanda kwa sababu makundi yakiongezeka, nafasi za kupinda nazo zinaongezeka. Katika vitabu vya takwimu utakuta vizingiti vimepangwa kwa "digrii za uhuru", ambazo kwa mifano ya sura hii ni idadi ya makundi ukitoa moja. Ukishajua nyuso tano za dadu zimetoka mara ngapi katika mirusho 60, ya sita huna haja ya kuihesabu. Ni tano tu zilizo huru.

Dadu ina makundi sita, kizingiti ni 11.07, na sisi tuna 4. Mlalamishi hana kesi. Lakini angalia: tungeirusha mara 600 tukapata uwiano ule ule, yaani 80, 110, 90, 70, 100 na 150, kai mraba ingekuwa 40, na dadu ingetupwa baharini. Uwiano haukubadilika, ushahidi ndio uliokua. Ndiyo maana mtu anayesema "nusu ya mbung'o walikuja kwenye buluu" hajaniambia kitu mpaka aniambie walikuwa wangapi.

Kipimo hiki kilitolewa mwaka 1900 na Karl Pearson, Muingereza wa London, na mfano mmoja aliotumia ulikuwa wa dadu vile vile. Mwenzake Weldon, mtaalamu wa wanyama, alikuwa amerusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306. Jumla hiyo ni dadu 315,672. Tano au sita ilitarajiwa kutoka mara 105,224, ikatoka mara 106,602. Tofauti ni ndogo hata kwa macho haionekani, lakini ukiipima kwa makundi mawili, yaani "tano au sita" na "nyinginezo", kai mraba inapita 27 ilhali kizingiti ni 3.84. Dadu za Weldon zilipendelea. Maelezo ya kawaida ni kwamba vijishimo vinavyochongwa kuonyesha tarakimu huufanya uso wa sita kuwa mwepesi kuliko ule wa moja ulio upande wa pili.

*Kwa ufupi: kai mraba hupima umbali kati ya tulichokiona na kile ambacho bahati ingetupa. Ikipita kizingiti, bahati peke yake haitoshi kuwa maelezo.*

Vifaranga na bakuli nne

Turudi Mtopanga kwa mama wa kuku. Ana vifaranga 80, na anataka kujua kama wanapendelea rangi ya chombo. Anachukua bakuli nne za ukubwa mmoja na umbo moja: nyekundu, buluu, njano, kijani. Ndani ya kila moja anaweka chakula kile kile, kwa kipimo kile kile. Anamwachia kifaranga mmoja peke yake na kuandika bakuli la kwanza alilodonoa. Kisha anamtoa, anamweka kwenye tenga la pembeni asije akachanganyika na ambao hawajajaribiwa, na kuleta mwingine.

Kabla hajaanza anaandika dhana ya kuanzia. Hii ni kauli kwamba hakuna upendeleo, tunayoishika mpaka ushahidi uiangushe. Hapa dhana ni kwamba vifaranga hawajali rangi, kwa hiyo kila bakuli litapata 20.

Tuseme akapata nyekundu 27, buluu 24, njano 17, kijani 12. Kwa macho, nyekundu imeshinda na kijani imeachwa nyuma kwa zaidi ya nusu. Tofauti ni 7, 4, 3 na 8. Zikizidishwa kwa zenyewe: 49, 16, 9 na 64, jumla 138. Gawanya kwa 20 upate 6.9. Makundi ni manne, kizingiti ni 7.81. Haikufika.

Hapa watu wengi hukosea kwa kusema: "Basi imethibitika kwamba kuku hawajali rangi." Haikuthibitika. Kilichoonekana ni kwamba vifaranga hawa 80 hawakutoa ushahidi wa kutosha kuiangusha dhana ya kuanzia. Mahakama ikimwachilia mshtakiwa kwa kukosa ushahidi haijasema ni malaika. Kwa 6.9 iliyokaribia kizingiti hivi, ningemshauri mama huyu angoje kundi lijalo la vifaranga alirudie jaribio zima, kwa masharti yale yale, na aamue mapema kwamba atahesabu wangapi. Asiongeze vifaranga kidogo kidogo huku akichungulia jibu mpaka lipite kizingiti, maana ukichungulia mara nyingi vya kutosha, bahati yenyewe itakuvusha siku moja.

Vifaranga wamewahi kujaribiwa kwa uzito. Mwaka 1956 Eckhard Hess, mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba vifaranga wa kuku walidonoa zaidi vitu vya rangi ya machungwa na vya buluu, na vifaranga wa bata walipendelea kijani. Wote ni ndege wa uani, lakini kila mmoja ana lake.

Matarajio si lazima yawe sawa

Mpaka sasa tumegawa sawasawa. Lakini mara nyingi ulimwengu haujagawanywa hivyo, na hapa ndipo watu hodari huteleza.

Mfugaji anasema ng'ombe wake weusi ndio wanaosumbuliwa zaidi na mbung'o. Tuseme ana ng'ombe 50: 30 wa rangi ya kahawia, 15 weusi, 5 weupe. Anaketi na daftari akahesabu mbung'o 40 wakitua, na kila mmoja akaandika ametua kwa ng'ombe wa rangi gani. Kahawia 22, weusi 16, weupe 2.

Kama mbung'o hajali rangi, atatua kulingana na wingi wa ng'ombe. Kahawia ni 30 kati ya 50, kwa hiyo tunatarajia 24 kati ya 40. Weusi 12. Weupe 4. Sasa hesabu: kwa kahawia tofauti ni 2, yaani 4 kwa 24, ni 0.17. Kwa weusi tofauti ni 4, yaani 16 kwa 12, ni 1.33. Kwa weupe tofauti ni 2, yaani 4 kwa 4, ni 1. Jumla 2.5, na kizingiti cha makundi matatu ni 5.99. Hajapata ushahidi.

Kuna sharti moja zaidi. Kipimo hiki hakiaminiki pale ambapo kundi lina matarajio madogo sana, na kanuni iliyozoeleka ni kwamba kila kundi litarajiwe angalau 5. Weupe wetu wana 4. Dawa ni kuhesabu mbung'o wengi zaidi, au kuunganisha makundi kwa maana: weusi upande mmoja, wasio weusi upande wa pili. Ukiunganisha unatarajia 12 na 28, umeona 16 na 24. Kai mraba inakuwa 1.9, chini ya 3.84. Jibu ni lile lile.

Mtu akikuambia "wengi walioumwa walikuwa wamevaa buluu", swali lako la kwanza liwe: na waliovaa buluu walikuwa wangapi? Kama ni kundi la wanafunzi wa shule yenye sare ya buluu, jibu limejieleza.

Mahali ambapo hesabu sahihi hudanganya

Sasa tufike kwenye kiini. Tuseme umetundika mitego mitatu nje ya msitu: buluu kando ya njia ya nyati, nyeusi kwenye uwazi, njano karibu na nyumba. Umenasa mbung'o 90: buluu 48, nyeusi 29, njano 13. Ulitarajia 30 kila mmoja. Tofauti 18, 1 na 17, miraba yake 324, 1 na 289, jumla 614, gawanya kwa 30 upate 20.5. Kizingiti 5.99 kimepitwa mbali. Buluu imeshinda?

Njia ya nyati ndiyo iliyoshinda, huenda. Mbung'o hukaa palipo na mnyama na kivuli. Hesabu haina macho ya kuona ulitundika wapi. Imepokea 48, 29 na 13, ikajibu kwamba kuna tofauti. Tofauti ya nini, hilo ni juu yako.

Hilo ni kosa la kwanza, la mahali, na dawa yake ni kuzungusha. Taja sehemu zako A, B na C, kisha:

- siku ya kwanza: A buluu, B nyeusi, C njano
- siku ya pili: A nyeusi, B njano, C buluu
- siku ya tatu: A njano, B buluu, C nyeusi

Kwa siku tatu kila rangi imekaa kila mahali mara moja. Mpango huu huitwa mraba wa Kilatini, na watafiti wa mbung'o huutumia sana. Mama wa Mtopanga naye afanye hivyo kwa bakuli: asiache nyekundu daima upande wa mlango unaoingiza mwanga.

Kosa la pili ni kufuatana. Kai mraba inachukulia kwamba kila mnyama amechagua mwenyewe. Waachie vifaranga 80 kwa pamoja, wa kwanza akienda nyekundu wenzake watamfuata, na ulichonacho si chaguzi 80. Vivyo hivyo ukimhesabu kifaranga mmoja midonoo 80, umepata habari za kifaranga mmoja tu. Kwa mbung'o jambo hili ni gumu zaidi, maana huja kwa mafungu: leo mtego umenasa 40, kesho 3. Kwa sababu hiyo watafiti wa fani hii huchukulia mnaso wa siku nzima kama kipimo kimoja, na hutumia hesabu nyingine zinazostahimili mafungu. Wewe unayejaribu nyumbani, angalau tazama kama rangi ile ile imeongoza kila mzunguko. Ikiongoza mara moja tu, na siku hiyo ikabeba jumla yote, tulia kwanza.

La tatu ni mng'ao. Kitambaa cha buluu kinaweza kuvutia kwa sababu ni cheusi-cheusi kuliko cha njano, si kwa sababu ya ubuluu wake. Karl von Frisch, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alilimaliza swali hili kwa nyuki mwaka 1914 kwa namna nyepesi inayonifurahisha mpaka leo. Aliwazoesha nyuki kupata maji ya sukari kwenye karatasi ya buluu, kisha akaiweka katikati ya karatasi nyingi za kijivu, kuanzia iliyofifia hadi iliyokoza. Kama nyuki wangekuwa wanaona mng'ao tu, wangeichanganya na kijivu mojawapo. Hawakuichanganya. Alipojaribu nyekundu, waliichanganya na kijivu kilichokoza, kwa sababu nyekundu nyuki haioni.

La nne ni harufu, na hapa wale wa Changamwe wapate jibu lao. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha majaribio ya mbu aina ya Aedes aegypti, yule anayeuma mchana na kueneza dengi na chikungunya, magonjwa ambayo Mombasa imeyaonja yote mawili. Bila harufu ya kabonidayoksaidi, ile hewa tunayotoa tukipumua, mbu hawakujali rangi. Ilipopulizwa, walielekea kwenye nyekundu, rangi ya machungwa, nyeusi na samawati ya kijani, wakaipuuza kijani, buluu na nyeupe. Pumzi ndiyo inayomwamsha mbu atafute. Rangi inamwelekeza pa kutua. Kwa hiyo ndiyo, nyeusi inamvuta mbu huyu, ila akishakunusa.

Harufu ina nguvu hata kwa mbung'o. Kuro, yule swala mkubwa anayekaa karibu na maji, mbung'o humkwepa kwa sababu ya harufu ya mwili wake. Watafiti wa icipe waliiga harufu hiyo, wakaitia kwenye vidude vya kuvishwa shingoni mwa ng'ombe, na kujaribu hapa hapa Shimba Hills, Kwale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nagana ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliovishwa. Basi ukijaribu rangi na kitambaa kimoja umekishika kwa mikono yenye jasho la ng'ombe, kingine kimetoka dukani kwenye karatasi yake, umejaribu harufu bila kujua.

*Kwa ufupi: kabla ya kupiga hesabu, zungusha mahali, hesabu mnyama mmoja mara moja, sawazisha mng'ao na harufu, na weka matarajio yanayofuata wingi halisi.*

Mbung'o wa Unguja alikataa mtego

Tumalizie na wale watatu wa Shimba. Glossina pallidipes ndiye aliyeipa buluu sifa yake. Huingia vizuri kwenye mitego ya buluu na nyeusi yenye chambo cha harufu. Ndugu yake Glossina austeni, anayekaa ndani ya vichaka vizito vya pwani, huingia kwa nadra sana. Huyo ndiye aliyekuwa mbung'o pekee wa kisiwa cha Unguja, na waliokwenda kumpiga vita huko walilazimika kutumia mbao zenye gundi ili wamnase tu wamhesabu. Kuanzia 1994 madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kuondolewa uzazi kwa mionzi walimwagwa kutoka angani. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Akipandwa na dume tasa, hazai. Mbung'o wa mwisho wa mwituni Unguja alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Kama watafiti wale wangepima kwa mitego ya buluu peke yake, wangeona mitego mitupu mapema na kudhani kazi imekwisha. Matokeo ya spishi moja hayamhusu jirani yake mpaka naye ajaribiwe.

Kwa hiyo mchungaji wa koti la buluu hakukosea, na wa kijani hakudanganya. Buluu humvuta pallidipes. Imepimwa mara nyingi, katika nchi nyingi, kwa mitego iliyozungushwa, na imesimama. Lakini mtu wa kijani anayetembea na ng'ombe ana harufu, ana mwendo, na ana kivuli, na mbung'o mwenye njaa hahitaji zaidi.

Ukivuka Likoni kwenda upande ule, vaa nguo ya kahawia au ya kijani iliyofifia, yenye mikono mirefu na kitambaa kizito, maana mdomo wa mbung'o hupenya shati jepesi. Na ukikuta kitambaa cha buluu na nyeusi kimetundikwa kwenye mti kando ya msitu, usikitoe ukafanye pazia wala mfuko. Mara nyingi kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kila siku kinapokaa pale kinapunguza mbung'o wa ng'ombe wa jirani yako. Waambie na watoto wakiache.